Miaka 100 ya Kumtafuta Mnana wa Kilifi

Kwenye droo za makumbusho ya Nairobi, ndege wa zamani wamelazwa chali, macho yamezibwa kwa pamba. Kila mmoja ana kikaratasi kilichofungwa mguuni kwa uzi: mahali, tarehe, dume au jike, na jina la aliyempiga. Chama cha wapenzi wa viumbe kilichoanzishwa mwaka 1909 ndicho kilichofungua makumbusho hayo mwaka uliofuata, na enzi hizo ushahidi ulikuwa bunduki. Asiye na ngozi mkononi hakusadikiwa.

Hivyo ndivyo mnana wetu alivyoingia vitabuni. Mwaka 1913 Stephenson Clarke alimtangaza kwa wataalamu na kumpa jina la nduguye, Goland. Hana makao mengine duniani ila Kilifi. Ngozi ilithibitisha kwamba yupo, basi. Anataga wapi? Hilo halikuandikwa kwenye kikaratasi chochote.

Mimi huongoza wageni katika msitu wa Arabuko-Sokoke, hukohuko Kilifi, na aliyenifunza kazi alinifunza daftari kabla ya darubini. Ndege hawangoji uandike sentensi, kwa hiyo tunakata maneno: D ni dume, J jike, K kinda, S nimesikia sauti tu. Mnana wa Kilifi hupita juu kwenye miti ya mirihi akiwa kundini na ndege wengine, akatoweka. Dume ana mgongo mweusi na tumbo la njano, lakini msituni humo yumo mnana mwingine mwenye mgongo mweusi na tumbo la njano vilevile. Wa Kilifi utamjua kwa kingo za njano kwenye manyoya ya mabawa, na kwa jike wake asiye na weusi ule. Kwa hiyo aliyeandika "mnana" peke yake hajaandika kitu. Anayeandika "D, kingo njano, mrihi, saa moja na nusu" amempa mwenzake cha kumhoji.

Kuhojiwa huko ndiko kulikochukua nafasi ya bunduki. Jarida la ndege la Scopus lilipoanza mwaka 1977, taarifa za walioona tu kwa macho zilipata mahali pa kupimwa na kuchapishwa. Mwaka 1989 Lewis na Pomeroy walitoa atlasi ya ndege wa Kenya, nchi nzima ikiwa imegawanywa katika miraba ya nusu digrii. Siku hizi mradi wa Kenya Bird Map hutumia miraba ya dakika 5, yaani kilomita 9 hivi kila upande. Unatembea saa mbili angalau, unaandika kila aina ya ndege kwa mpangilio uliowaona. Ukimtaja ndege asiyezoeleka kwenye mraba huo, unatakiwa kueleza ulimtambuaje. Wako wanaoudhika wakiulizwa. Mimi naona ni heshima: anayekuuliza ameyasoma maandishi yako.

Mwezi Machi 2013, karne nzima tangu Clarke, hatimaye viota vya mnana wa Kilifi vilionekana. Havikuwa Arabuko-Sokoke. Vilikuwa kaskazini mwa msitu huo, Dakatcha, kwenye ndago za kinamasi cha msimu. Maji yakipungua, hakuna ndago za kushonea viota. Ndiyo maana mtu angeweza kupita hapo miaka mingi asione lolote.

Dakatcha si hifadhi ya serikali. Ni ardhi ya wanakijiji, na imeandamwa na makaa na mipango ya mashamba makubwa. "Amepita hapa" ni habari njema, lakini haizuii shoka. "Amezaa hapa" ni hoja ambayo mwanakijiji anaweza kuisimamia mbele ya ofisa yeyote, mradi tarehe ipo, mahali papo, na aliyeona anajulikana na anaulizika.

Kwa hiyo vijana ninaowafundisha nawasisitizia mambo mawili. Andika palepale, usingoje jioni, maana kumbukumbu hupenda kupamba. Na pale usipokuwa na hakika, acha wazi. Pengo la kweli mwingine atalijaza, hata baada ya miaka 100. Jina la kubahatisha humfanya adhani kazi imekwisha, asitafute tena.