Breki za diski za pikipiki: Usafi sahihi nyumbani ni kinga ya ajali

WAMILIKI wengi wa pikipiki mijini humtafuta fundi pale tu breki inapokataa kushika. Wakati huo mara nyingi huwa wamechelewa, kwani breki ya diski haifi kwa siku moja. Hudhoofika polepole, huku ikitoa dalili ambazo mwenye pikipiki angeweza kuzitambua akiwa uani kwake.

Usafi wa breki hii ni kazi isiyozidi saa moja kwa mtu mwangalifu. Hata hivyo, ikifanywa vibaya huwa hatari kuliko uchafu wenyewe. Makala hii inaeleza namna ya kuifanya kwa usalama.

Jinsi inavyofanya kazi

Breki ya diski ya kisasa ilianza kuenea mwaka 1969, Honda ilipotoa pikipiki yake ya CB750 ikiwa na breki hiyo kwenye gurudumu la mbele. Leo pikipiki nyingi zinazobeba abiria na mizigo zina diski mbele na breki ya ngoma nyuma.

Dereva anapominya mkono wa breki, mafuta yaliyo ndani ya mpira husukuma pistoni zilizo kwenye kalipa. Pistoni hizo huzibana pedi mbili dhidi ya diski inayozunguka na gurudumu, na msuguano huo ndio unaopunguza mwendo.

Pikipiki inapofunga breki, uzito wake huhamia mbele. Ndiyo maana breki ya mbele hubeba sehemu kubwa ya kazi ya kuisimamisha, na hitilafu yake haiwezi kufidiwa na breki ya nyuma peke yake.

Tofauti na ngoma, diski iko wazi. Tope la masika, vumbi la kiangazi na chumvi ya hewa ya pwani huifikia moja kwa moja.

Dalili za kuangalia

Sauti ya chuma kusugua chuma ina maana kwamba pedi zimekwisha. Mkono wa breki ukiwa laini kama sifongo, huenda hewa imeingia kwenye mafuta. Gurudumu likiwa zito kuzunguka baada ya kuachia breki, pistoni zimeganda kwa uchafu au kutu.

Angalia pia unene wa pedi. Iwapo kitabu cha pikipiki hakipo, milimita 2 za sehemu inayosugua ziwe mwisho wa subira. Pedi hubadilishwa zote mbili kwa pamoja. Diski nayo huwa imeandikwa unene wake wa chini kabisa. Ikifikia hapo haichongwi, hubadilishwa.

Vifaa

Andaa spana zinazolingana na bolti, mswaki wa zamani, maji ya vuguvugu yenye sabuni ya vyombo, vitambaa safi visivyo na mafuta, dawa maalumu ya kusafishia breki au spiriti, pamoja na glavu na kitambaa cha kuziba pua.

Usipulize vumbi la breki kwa mdomo wala kwa pampu ya upepo. Pedi za zamani zinaweza kuwa na asibestosi, madini yanayosababisha saratani ya mapafu. Lisafishe vumbi hilo likiwa limelowa.

Hatua kwa hatua

Kwanza, simamisha pikipiki kwa stendi ya katikati mahali tambarare, na subiri diski ipoe kabisa.

Pili, fungua bolti zinazoishikilia kalipa kwenye shokapu ya mbele. Ifunge kalipa kwa waya ili isining'inie kwa mpira wake wa mafuta. Kuanzia hapo mtu yeyote asiguse mkono wa breki, kwani pistoni zinaweza kuchomoka.

Tatu, toa pedi huku ukikumbuka mpangilio wake. Sugua ndani ya kalipa na kuzunguka pistoni kwa mswaki na maji ya sabuni, kisha suuza na kufuta.

Nne, rudisha pistoni ndani taratibu kwa vidole au kipande cha mbao, baada tu ya kuzisafisha. Ukisukuma pistoni chafu utaharibu sili zake. Angalia pia kopo la mafuta ya breki lililo kwenye usukani, kwa sababu mafuta yatapanda na yanaweza kumwagika.

Tano, futa pini ambazo kalipa huteleza juu yake na uzipake grisi kidogo ya breki. Grisi isiguse pedi wala diski.

Sita, futa pande zote mbili za diski kwa kitambaa chenye dawa ya breki au spiriti, kisha rudisha kila kitu na kukaza bolti sawasawa.

Mafuta ya breki

Mafuta ya aina ya DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 hunyonya unyevu wa hewa. DOT 4 ikiwa mpya huchemka kwa nyuzi zisizopungua 230 za Selsiasi, lakini ikishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155. Yakichemka kwenye mteremko mrefu hutoa mapovu, na breki hupotea.

Kwa sababu hiyo, mafuta hayo hubadilishwa takriban kila baada ya miaka 2. Tumia aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, na usiyachanganye na DOT 5, ambayo ni ya silikoni. Yakidondokea rangi ya pikipiki, yaoshe mara moja kwa maji. Kutoa hewa kwenye mfumo ni kazi ya kumwachia fundi, hasa kwa pikipiki zenye ABS.

Kosa linaloua

Wapo wanaoosha pikipiki kwa dizeli au kuipulizia mafuta ili ing'ae. Tone dogo likifika kwenye diski, pedi hulinyonya na breki huteleza.

Wengine huzichoma pedi hizo kwa petroli au kuzipiga msasa. Zitaonekana safi, lakini mafuta yaliyozama ndani hutoka tena zikipata joto. Pedi iliyolowa mafuta hutupwa. Bei yake ni ndogo kuliko gharama ya siku moja hospitalini.

Kabla ya kuingia barabarani

Baada ya kufunga kila kitu, minya mkono wa breki mara nyingi hadi uwe mgumu. Pistoni zilizorudishwa nyuma ziko mbali na pedi, hivyo minyo ya kwanza haitashika kitu. Anayesahau hatua hii hugundua hana breki akiwa tayari amefika njia panda.

Kisha zunguka kwa mwendo mdogo mahali pasipo na magari, ukijaribu breki mara kadhaa. Pedi mpya huhitaji safari kadhaa za upole kabla ya kushika kikamilifu.

Mkono ukibaki laini, au mafuta yakivuja popote, usiiendeshe pikipiki hiyo wala usimpakie abiria. Isukume hadi kwa fundi.