Nyumba Iliyochorwa kwa Msumari

Kwa anayejua bao, ubao ninaouzungumzia hapa una kasoro inayoonekana mara moja: nyumba zake ni duara.

Kwenye bao la Unguja fundi huchonga mashimo 30 ya duara na mawili ya mraba, moja kwa kila mchezaji, katika safu ya mbele, shimo la tano ukihesabu kutoka kushoto kwake. Mraba huo ndio nyumba. Huu wa Kibaigwa una mashimo 32 ya duara, yote yamechimbwa na mkono mmoja kwa patasi moja. Kisha akaja mtu mwingine na msumari, au ncha ya kisu, akakwaruza mraba kuzunguka shimo la tano la kila upande. Mistari haikunyooka. Upande mmoja mkono uliteleza, mkwaruzo ukaenda mpaka shimo la jirani.

Kwamba alikuja baadaye sina shaka. Mbao iliyoshikwa na vidole kwa miaka mingi hupata ulaini na weusi fulani, kama mpini wa jembe la zamani. Mikwaruzo hii imekata juu ya ulaini huo. Ubao ulikuwa umeshachezewa sana kabla ya mtu yeyote kuona kwamba unahitaji nyumba.

Tasnifu yangu ya uzamili inahusu biashara ya nafaka wilayani Kongwa, si michezo. Ubao nilionyeshwa na mzee mmoja aliyeniruhusu kusoma daftari zake za ghala. Ulikuwa nyuma ya magunia, umeegemezwa ukutani, kona moja imevunjika, na upande wa chini una matundu madogo kama yaliyotobolewa kwa sindano. Mzee alisema ni dumuzi. Inawezekana kabisa. Dumuzi, ambaye wakulima walimpachika jina la Scania alipoingia Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, ni wa jamii ya wadudu watoboa mbao. Mahindi ni tamaa tu aliyoizoea baadaye. Katika mji unaoishi kwa mahindi kama Kibaigwa, ubao wa bao ghalani haukuwa na pa kukimbilia.

“Mjukuu wangu, wewe si unasoma historia?” akaniambia. “Basi katengeneze hii, urudishe pale chini ya mti watu wacheze.”

Kutengeneza kwenyewe kulikuwa rahisi kuliko nilivyofikiri. Kwanza niliufunika kwa turubai jeusi juani siku kadhaa ili joto limalize wadudu. Matundu niliyaziba kwa unga wa mbao uliochanganywa na gundi, kona ikapata kipande cha mninga kutoka kwenye mabaki ya fundi seremala. Msasa nilipitisha chini na pembeni tu. Ndani ya mashimo sikugusa, maana pale ndipo penye historia.

Ugomvi ulizuka kwenye nyumba. Fundi alitaka kuzichonga upya ziwe za mraba, safi, kama za pwani. Ni kazi ya saa moja, alisema, na ubao utaonekana wa maana. Hakuwa anabisha ovyo. Bila nyumba hakuna bao la Kiswahili.

Tazama mchezo unavyoanza. Kila mchezaji ana kete 32. Kumi tu ndizo zinazowekwa ubaoni: sita ndani ya nyumba, mbili katika kila shimo kati ya mawili yanayofuata kuliani. Zilizobaki, 22, ziko mkononi, na unaziingiza moja moja. Hiyo ndiyo hatua ya namua. Ukiingiza kete katika shimo lako lenye kete, linalotazamana na shimo la mpinzani lenye kete, unakula zake na kuzisambaza upande wako kuanzia kichwani, yaani shimo la mwisho la safu ya mbele. Kete ya mwisho ikiangukia penye kete, unaendelea, ama kwa kula tena ama kwa kuzoa na kusambaza. Ila ukifika kwenye nyumba yako ikiwa bado hai, unapewa hiari ambayo shimo lingine halikupi: kulala pale, au kuivunja na kusafiri na kete zote. Wachezaji wazuri hupima safari hiyo kichwani kwa mizunguko mingi kabla hawajagusa kete. Alex de Voogt, Mholanzi aliyeandika tasnifu ya udaktari mwaka 1995 kuhusu mabingwa wa bao wa Zanzibar, aliiona akili hiyo kuwa jambo la kutafitiwa kwa uzito sawa na sataranji. Sisi tulishaliona zamani, ila hatukuandika.

Sasa ondoa nyumba. Ubao unabaki uleule, safu nne za mashimo manane, lakini mchezo ni mwingine. Omweso wa Uganda unatumia ubao wa ukubwa huohuo na kete 64 zilezile, bila nyumba. Kila mmoja anapanga kete zake 32 atakavyo kabla ya kuanza, na kula kunahitaji mashimo mawili ya mpinzani, la mbele na la nyuma yake, yote yawe na kete. Unayazoa yote mawili. Kwenye bao la Kiswahili safu ya nyuma haiguswi na adui. Ni ghala. Kwenye omweso hata ghala linavamiwa. Oman, ambako Waswahili na Waarabu wamepelekeana kila kitu kwa karne nyingi, kuna hawalis, safu nne za mashimo saba. Na hapa kwetu tuna bao la kujifunza, ambalo kila shimo huanza na kete mbili na hakuna za kuingiza.

Mimi naliona bao la Kiswahili kuwa limesanifiwa kwa ustadi kupita yote hayo, na sababu ni ile namua. Michezo mingi ya ubao huanza na mali yote mezani na kuendelea kupungua. Hili huanza na umaskini, na mali huingia polepole huku vita imeshaanza.

Kwa hiyo mikwaruzo ile inasema nini? Inasema kwamba watu waliomiliki ubao huu walicheza bao lisilo na nyumba, kisha likaja lenye nyumba, nao hawakununua ubao mpya. Njia za kuja hazikuwa chache. Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma 1914, na reli haisafirishi mizigo tu. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wa karanga Kongwa, jirani kabisa na hapa, wakakusanya vibarua na madereva kutoka kila upande. Mwaka 1951 mradi ulishazikwa, pamoja na zaidi ya pauni milioni 30. Vitabu vinaandika hasara hiyo kwa takwimu za mashine na ekari. Mimi huwaza zaidi jioni za makambi yale, wanaume wasiojuana lugha vizuri, na mchezo unaofundishika kwa kuonyeshana vidole. Huo ndio usomaji wangu wa mikwaruzo, na ndiyo maana nilimkatalia fundi. Mraba safi ungesema kwamba ubao ulizaliwa wa pwani.

Kuna jambo lingine lililonifanya niharakishe kazi. Hatua chache kutoka kwenye mti ule wa bao kuna kibanda chenye mashine ya dubwi. Unatumbukiza sarafu, taa zinazunguka, basi. Binamu yangu ni kuli sokoni. Anabeba magunia, mengine ya lumbesa, na wiki nyingine nusu ya ujira wake huishia kwenye ile mashine kabla ya saa sita mchana. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 inamruhusu. Ametimiza miaka 18 zamani. Nilipomuuliza anapendea nini, alisema anakaribia kuijua. Neno hilo liliniuma. Mashine imeundwa ili aamini hivyo, na ndani yake hakuna cha kujua.

Wamarekani walibishana kuhusu hilihili kwa miaka 34. Ile michezo yao ya pinboli, kijimpira cha chuma kinachoteremka kwenye ubao uliopigwa misumari, ilipovuma mwanzoni mwa miaka ya 1930 haikuwa na mikono ya kurudishia mpira. Unavuta, unaachia, unasubiri. Meya La Guardia wa New York aliipiga marufuku mwaka 1942 kama kamari, akapigwa picha akizivunja mashine kwa nyundo. Mwaka 1947, wakati matrekta yanashushwa Kongwa, kampuni ya Gottlieb ya Chicago ilitoa mashine iitwayo Humpty Dumpty yenye vijikono sita vya umeme vya kuupiga mpira urudi juu. Ghafla mchezaji akawa na la kufanya. Marufuku iliendelea hata hivyo mpaka mwaka 1976, pale Roger Sharpe alipocheza mbele ya madiwani wa jiji, akataja mapema mpira utapita wapi, nao ukapita.

Ukiweka vitatu hivyo pamoja, bao, pinboli na dubwi, tofauti haiko kwenye umeme wala mbao. Iko kwenye swali: mchezaji akirudi kesho atakuwa bora kuliko leo? Kwa bao, ndiyo, bila kikomo. Kwa pinboli yenye vijikono, ndiyo, kwa kiasi. Kwa dubwi, hapana, hata akirudi miaka 20. Najua bao nalo linaweza kuchezewa fedha. Lakini kwenye bao anayekushinda ana sura na jina, na kesho unaweza kumdai marudiano.

Ubao ulirudi chini ya mti mwezi wa saba, msimu wa mahindi, na komwe 64 nilizotafutiwa Bagamoyo, kwa kuwa hapa walikuwa wakichezea kokoto. Wazee waliuangalia kwanza upande wa kona mpya, wakanisifia fundi. Mmoja akapitisha kidole juu ya mraba uliokwaruzwa, akauliza kwa nini sikumalizia. Nikamweleza. Akatikisa kichwa, ila akaanza kupanga kete, sita kwenye nyumba, mbili, mbili.

Binamu yangu alikuja siku ya tatu na gunia begani, akalitua, akasimama kuangalia. Hajui hata kunamua. Mzee aliyekuwa anaongoza alimwambia bila kuinua macho, “Kaa hapo, kijana, lakini usiseme kitu.” Akakaa. Dalali alimwita mara mbili kutoka kwenye lori.