Historia Isiyomo katika Shahada ya Mazingira

Kila mwaka, katika mhadhara wa kwanza wa somo la usimamizi wa mazingira, huwauliza wanafunzi wangu shughuli hii ilianza lini nchini Tanzania. Majibu huwa yale yale. Wapo wanaotaja Mkutano wa Stockholm wa 1972. Wapo wanaotaja 1983, mwaka lilipoundwa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira. Wengi hutaja Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kwa kuwa ndiyo watakayoishika mkononi wakiajiriwa. Hajatokea hata mmoja aliyenitajia Matombo.

Matombo iko upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, mkoani Morogoro. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, serikali ya kikoloni iliingiwa na hofu ya mmomonyoko wa udongo katika nchi yote, na Uluguru, chemchemi ya mito inayoulisha Mto Ruvu, ikawekwa mstari wa mbele. Ukaanzishwa mpango wa matumizi ya ardhi uliojulikana kwa kifupi chake cha Kiingereza, ULUS. Waluguru wakaamriwa kukata matuta ya ngazi katika mashamba yao ya mlimani. Haukuwa ushauri, aliyekaidi aliadhibiwa.

Mabwana shamba wale hawakuwa wajinga. Walijua kupima mteremko, na mmomonyoko waliouona ulikuwapo kweli. Lakini katika sehemu nyingi za milima ile udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba tu. Ukikata ngazi, unaufukia udongo mzuri na kuuinua juu ule wa chini, usio na chakula cha mmea. Wakulima waliliona jambo hilo katika mahindi yao kabla halijaandikwa katika ripoti yoyote. Zaidi ya hayo, ardhi ya Uluguru ilikuwa ya ukoo, na mtu kuifanyia ardhi kazi ya kudumu ni jambo linalozua swali la nani mwenyewe. Watu wakahofia kwamba shamba linalopimwa leo litatwaliwa kesho. Hofu hiyo haikuwa na fomu ya kujaziwa. Mnamo Julai 1955 umati ulikusanyika Matombo kuupinga mpango, polisi wakafyatua risasi, na mtu mmoja akafa. Mpango ukaachwa. TANU, iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, ilipata wanachama ambao hakuna hotuba ingeweza kuwaleta kwa haraka namna ile.

Nalieleza tukio hili kwa kirefu kwa sababu wanafunzi hulisikiliza kama habari ya siasa, kisha husubiri nianze somo. Kumbe ndilo somo lenyewe. Uhuru ulipokuja, bendera ilibadilika, lakini afisa aliyekwenda kijijini na jawabu mkononi hakubadilika sana. Mwaka 1973 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa kwa amri katika eneo la Kondoa lililomomonyoka, kilomita za mraba zipatazo 1,256. Nyasi zilirudi na makorongo yakaanza kufunikwa. Haki lazima itendeke, mradi ule ulifanya ulichokusudia kufanya. Ila ng'ombe hawakuyeyuka. Walihamia kwa majirani, na mzigo wa ardhi ukahama pamoja nao.

Shinyanga ndiko ninakopenda kuwapeleka wanafunzi, walau kwa ramani, maana bajeti ya mafunzo ya vitendo tunaijua sote. Tangu miaka ya 1920 serikali ya kikoloni, ikiongozwa na utafiti wa mbung'o alioufanya Charles Swynnerton akiwa Shinyanga, iliwakusanya Wasukuma kwa maelfu kufyeka misitu ili mdudu akose kivuli. Mbung'o walipungua. Baadaye yakafuata mashamba ya pamba, mifugo ikaongezeka, na Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikawatenga watu na malisho waliyokuwa wameyatunza. Ilipofika miaka ya 1980 watumishi wa umma waliitazama nchi ile iliyo tupu na kusema kwamba Wasukuma hawapendi miti. Waliofyekeshwa miti sasa walilaumiwa kwa kukosa miti.

Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Baada ya kuhangaika na vitalu vya miche, wataalamu wake walifanya jambo ambalo sijaliona mara nyingi katika historia ya utumishi wetu: waliuliza. Wakaambiwa habari za ngitili, sehemu ya malisho inayofungwa masika ili nyasi na vichaka vipumue, kisha hufunguliwa kiangazi kikishakaza. Kazi kubwa ya mradi ikawa kuirudishia desturi hiyo heshima na sheria ndogo za kijiji. Mwanzoni hekta za ngitili zilihesabika kwa mamia. Miongo miwili haikuisha, zikapita 300,000. Miche mingi ilichipua yenyewe kutoka katika visiki vya zamani.

Katika chuo kimoja nilichopata kufundisha, somo la historia ya mazingira lilifanywa la hiari, kisha likafutwa. Hoja iliyotolewa kikaoni ilikuwa kwamba mwajiri haliulizi. Badala yake tuliongeza saa za tathmini ya athari kwa mazingira. Sina ugomvi na tathmini, nami naifundisha. Lakini sheria ya 2004 inamtaka mtaalamu awashirikishe wananchi, na nimesoma tathmini nyingi ambamo ushirikishwaji ni orodha ya mahudhurio yenye sahihi na picha ya watu chini ya mwembe.

Mwaka juzi mwanafunzi wangu mmoja, mzaliwa wa Mbinga, alirudi na ripoti ya mafunzo ya vitendo kutoka kwao. Aliandika kwamba wakulima wa mlimani hawana elimu ya kuhifadhi udongo. Nikamuuliza kwao wanalimaje. Akanieleza, kwa haya kidogo, namna majani yanavyolazwa kwa mistari inayokatana, udongo unavyochimbwa katikati na kuyafunika, hata mlima wote unakuwa mashimo yanayokamata maji. Hiyo ni ngoro ya Wamatengo, na imewavuta watafiti kutoka nchi za mbali. Bibi yake alikuwa bado anaichimba. Nilimuuliza kwa nini haikuwamo katika ripoti.

Akanionyesha fomu ya mafunzo tuliyompa sisi wenyewe. Ilikuwa na safu ya "elimu iliyotolewa kwa wananchi". Safu ya elimu iliyopokelewa kutoka kwao haikuwapo. Nimeiongeza kwa kalamu katika nakala za darasa langu. Fomu rasmi bado inasubiri kikao.