Uzi: Simu ndiyo iliharibu watoto, ama uonevu ulitangulia?

Kila msimu wa siasa Nakuru, mtu hupanda jukwaani akasema simu imeharibu vijana, turudishe kiboko. Makofi. Ngojeni kwanza, tuangalie historia.

Uonevu shuleni haukuja na bando. Mfumo wa viranja na mabweni ulitoka shule za Uingereza. Walowezi walikuja nao hapa kwetu; Pembroke House pale Gilgil ilifunguliwa 1927. Shule za Waafrika zikaurithi: mkubwa anaamuru, mdogo anatumwa. Mimi nilisoma bweni upande wa Njoro, na tulipoingia Fomu Wani tuliitwa mono. Unafua soksi za mtu wa Fomu Foo, unamwachia nusu ya mkate wako, na ukinyamaza unasifiwa eti wewe ni mwanaume.

1991, wasichana 19 walikufa St. Kizito, Meru, baada ya wavulana wa shule hiyo hiyo kuvamia bweni lao. Mei 1999, viranja wanne wa Nyeri High walichomwa usiku na wanafunzi wenzao. Kiboko kilipigwa marufuku 2001. Piga hesabu: yote mawili yalitokea kiboko kikiwa halali. Jukwaani hilo husahaulika.

Sasa, nini kimebadilika? Kebo za baharini zilifika Mombasa 2009, intaneti ikashuka bei. Machi 2020 Korona ikafunga shule, na watoto wengi wakapewa simu "ya kusomea". Zamani shule ikifungwa, mwonevu ulimwacha getini. Leo yuko kwa grupu la WhatsApp, na picha yako ya aibu imefika Molo kabla hujashuka matatu.

Halafu kuna upande ambao wazazi hawauoni. Mtoto anayeonewa ndiye hukimbilia simu. Anakesha, alama zinashuka, anaacha kuongea mezani. Mzazi anaona simu pekee, anaichukua, na pengine rafiki wa pekee aliyebaki alikuwa humo.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza adhabu ya viboko na mateso ya kiakili. Lakini hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipoamua vingine, kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai. Kijana angesema nini, na kwa nani? Shule nyingi huku, mshauri nasaha ni mwalimu wa kawaida aliyeongezewa kazi hiyo juu ya vipindi vyake. Hiyo bajeti sijasikia mtu akiitetea jukwaani.