Deni Lililoliweka Hai Duka la Mji Mdogo

Kwa zaidi ya karne moja duka la familia katika miji midogo ya Tanganyika, na baadaye Tanzania, limepita katika utawala wa Wajerumani na wa Waingereza, mdororo wa miaka ya 1930, vyama vya ushirika, Azimio la Arusha, amri ya kulifunga, na hivi karibuni supamaketi. Karibu kila mara aliyetaka kulibana alikuwa na nguvu kulishinda. Tumezoea kuambiwa kwamba lilidumu kwa sababu ya mtaji, au kwa sababu wakoloni waliwapendelea wafanyabiashara wa Kihindi. Kuna ukweli katika maelezo hayo, lakini hayatoshi. Hoja yangu ni kwamba duka lile liliishi kwa deni. Lilijua kukopa kwa tajiri wa jumla na kumkopesha mkulima, na ujuzi huo ulikaa ndani ya familia, ambako sheria na mipango ya serikali haikuufikia.

Mnyororo wa mikopo ulianzia pwani. Allidina Visram, aliyetoka Kutch, India, akiwa mtoto katika miaka ya 1860, alijifunza biashara Bagamoyo chini ya Sewa Haji Paroo. Kisha akatandaza matawi kwenye njia ya misafara, na baadaye kando ya reli ya Uganda, iliyofika Ziwa Victoria mwaka 1901. Wengi waliomfuata bara, Wahindi kwa Waarabu, hawakuwa matajiri. Walipewa marobota ya vitambaa vya marekani na kaniki, chumvi, viberiti, mafuta ya taa na majembe, wakalipe wakishauza. Nao walimwachia mkulima jembe na nguo hadi avune pamba, karanga au ufuta. Kwa hiyo fedha taslimu ilikuwa chache kuanzia kwenye ghala la pwani hadi shambani, na aliyejua nani atalipa, na lini, ndiye aliyefanya biashara.

Ushahidi ninaoupa uzito zaidi unatoka kwenye sheria yenyewe. Waingereza waliweka sheria ya kuzuia mikopo kwa wenyeji: deni la Mwafrika kwa asiye Mwafrika halikuweza kudaiwa mahakamani ila kwa idhini ya ofisa wa serikali. Mtu angetarajia mikopo ikome. Haikukoma, kwa sababu dhamana yake haikuwa hakimu. Mwenye duka alijua shamba la fulani lina ukubwa gani, nani ameuguliwa, nani anaoza binti, nani alilipa msimu uliopita bila kukumbushwa. Ukutani alibandika "Kukopa harusi, kulipa matanga" kujikinga na mpita njia, huku jirani akiwa na ukurasa wake kwenye daftari.

Atakayepinga atasema daftari hilo lilikuwa kitanzi, na kwamba mizani ya duka ilimwibia mkulima. Wizi wa mizani ulikuwapo, na haufai kufunikwa. Wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa waliupinga kwa kuweka wapimaji wao wenyewe, na vuguvugu hilo, Paul Bomani akiwa mmoja wa viongozi wake, likazaa muungano wa vyama vya ushirika vya Victoria mwaka 1955. Ushirika ukachukua ununuzi wa pamba. Lakini tazama kilichofuata: duka lilinyang'anywa zao, likabaki likiuza sukari, chumvi na sabuni. Kama uhai wake ungetokana na mizani ya pamba peke yake, lingekufa hapo.

Jaribio kubwa zaidi lilikuja baada ya uhuru. Biashara ya jumla na ya nje ilitaifishwa mwaka 1967, kwa Azimio la Arusha, kisha ikagawanywa kwa kampuni za biashara za mikoa, zile RTC. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka: maduka ya watu binafsi vijijini yafungwe, ya ushirika yashike nafasi. Nia ilikuwa njema, nasema hivyo bila kusita, kwa maana ulanguzi ulikuwa unaumiza watu. Hata hivyo operesheni ililegezwa upesi, kwa sababu maduka mapya hayakutosha kuwahudumia watu. Wapo watakaotaja uhaba wa fedha za kigeni na vita vya Kagera, lakini vita vilianza mwaka 1978, wakati operesheni ilikwisha kukwama. Mwuzaji wa mshahara katika maduka hayo mapya hakuwa na ruhusa ya kukopesha, na angeipata asingejua amkopeshe nani. Uganda inaonyesha jambo hilo waziwazi zaidi. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke, na maduka yao yakagawiwa yakiwa na bidhaa. Shehena ya kwanza ikauzika, na wengi wakashindwa kujaza rafu tena: jengo liligawiwa, lakini imani ya mwenye ghala haikugawika.

Je, basi, hii ilikuwa siri ya Wahindi? Hapana. Serikali ya Tanzania iliporuhusu mwaka 1984 watu waagize bidhaa kwa fedha zao wenyewe, duka lilirudi, na mara nyingi mikononi mwa Wachaga, Wakinga na Wapemba. Mpangilio ulikuwa ule ule. Kijana anatolewa nyumbani, anakaa kaunta ya mjomba kwa miaka, kisha anapewa mzigo wa kuanzia na kutambulishwa kwa muuzaji wa jumla. Pingamizi lililo zito kwangu ni jingine: bei nafuu ya duka hilo, jana na leo, imebebwa na mke na watoto wasiolipwa. Hilo halina jibu la kuridhisha. Linathibitisha tu kwamba familia ndiyo iliyokuwa mtaji, na kwamba ndani yake wapo waliotoa zaidi ya walichopata.

Supamaketi hazikulimaliza duka hilo. Nakumatt, iliyochipuka kutoka duka la magodoro la familia huko Nakuru, Kenya, ilianguka kwa kushindwa kuwalipa wasambazaji wake, wakati Mangi, kama mwenye duka wa mtaani anavyoitwa, anaendelea kupima mafuta ya kula ya shilingi mia tano na kuandika jina la mteja. Pesa za simu nazo zimempa kazi ya uwakala. Kinachopunguza maduka ya aina hii ni ada ya shule, ambayo duka lenyewe ndilo linaloilipa: mtoto aliyesomeshwa kwa faida ya sukari robo robo anakuwa mhasibu au daktari Dar es Salaam, na mzazi akichoka, fremu hupangishwa kwa mgeni ambaye hana anayemdai wala anayemjua.