Kifaru Kisichoundwa na Lori Lililoitwa Nyumbu

Kila nisafiripo kutoka Bunda kwenda Musoma, pembezoni mwa Serengeti, kisha nikakata kwenda Butiama kulizuru kaburi la Mwalimu, humkumbuka nyumbu: mnyama, na lori lililopewa jina lake.

Katika Vita vya Kagera, 1978–79, vifaru vyetu vilitoka ng'ambo. Mwaka 1985 Serikali ya Mwalimu ilianzisha Shirika la Nyumbu, Kibaha, chini ya Wizara ya Ulinzi, ili tusanifu magari yetu wenyewe. Malori ya majaribio yaliundwa. Uzalishaji mkubwa haukufikiwa.

Wapo wanaosema ndoto ile ilikufa. Hao huwapeleka Leningrad ya mwanzoni mwa miaka ya 1930. Huko mhandisi Mjerumani Edward Grotte alisanifu TG-5, kifaru cha tani 100. Hakikuundwa kamwe, ugumu na gharama zake vilizidi uwezo wa viwanda. Grotte akarudi kwao, lakini wahandisi Wasovieti aliofanya nao kazi hawakutawanywa. Nikolai Barykov, aliyekuwa naibu wake, akaongoza usanifu wa T-35, kifaru kilichotoka kiwandani hadi jeshini.

Michoro ya Grotte ilikuwa shule. Je, vijana wetu waliojifunza Kibaha kuchora mitambo na kusubu chuma walikabidhiwa kazi gani iliyofuata?

Ndugu mtumishi wa umma, kabla hujalifunga jalada la mradi ulioshindwa, uliza kwanza: waliojifunza ndani yake wako wapi?