Bastola ya Babake Bibi

Bibi yangu mzaa mama alifariki Bordesley Green mwaka 2011, katika nyumba ya matofali mekundu ambayo hakuipenda hata siku moja, kwa sababu haikuwa na ua wa ndani. Miongoni mwa aliyotuachia ni hadithi ya bastola. Sisi wajukuu tuliisikia mara nyingi hata tukaacha kuisikiliza. Mimi niliyesoma historia kidogo na kujiona mjuzi niliihesabu kuwa moja ya ngano ambazo kila ukoo uliohama hujishonea, ili usionekane umetoka kwao uchi.

Hadithi yenyewe ni hii. Babake bibi alikuwa mwenye mashua katika bandari ya Malindi, Unguja. Asubuhi ya tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliishambulia manowari ya Kiingereza Pegasus, iliyokuwa imetia nanga pale ikirekebishwa mitambo yake, ikaipiga kwa mizinga yenye masafa marefu kuliko yake hata ikazama. Mabaharia 38 walipoteza maisha. Wengine kati yao wamezikwa kisiwani Chapwani, na mmoja wa mizinga ya meli ile umewekwa Mombasa, nje ya Ngome ya Yesu. Babake bibi, kwa kauli ya bintiye, alikuwa miongoni mwa walioshusha mashua kuwachukua majeruhi, na ofisa mmoja akamtunukia bastola yake.

Bibi alikuwa na mambo manne aliyoyasema kila mara, bila kuongeza wala kupunguza. Kwamba mpini wa bastola ile ulisimama wima, kama kona ya mlango. Kwamba ilikuwa na risasi saba tumboni. Kwamba ilimkwamia baba yake harusini, alipotaka kupiga hewani kama desturi ya Waarabu wa Oman, ikatoa mlio mmoja na kunyamaza, watu wakacheka. Na la nne, ambalo mimi nililicheka zaidi: kwamba mtu aliweza kuzilaza zile saba kama akiba, na huku akailisha risasi mojamoja kwa mkono.

Kila picha ya ofisa wa Kiingereza wa zama zile niliyoiona ilimwonyesha na rivolva, ile yenye gurudumu la kutilia risasi. Bastola ya bibi haikuwa na gurudumu. Nikasema ameichanganya na sinema.

Kosa lilikuwa langu, na nililigundua kwa njia ambayo yeye angeiona ya upuuzi, yaani kwa kusoma historia ya mji niliokaa nao miaka yote bila kuuliza. Watu wa mitaa yetu wakisikia bunduki na Birmingham huwaza BSA, kile kiwanda cha Small Heath kilichojengwa miaka ya 1860, kisicho mbali na nyumbani kwetu. Lakini bastola zilikuwa na mlango mwingine. Katika mtaa wa Weaman Street, upande wa pili wa mji, kampuni ya Webley & Scott ilitengeneza rivolva za jeshi, na fundi wake William Whiting akabuni pia bastola za kujipakia zenyewe. Kubwa kuliko zote, ya kipimo cha .455, ilikubaliwa na Jeshi la Wanamaji la Kiingereza kabla tu ya Vita Vikuu vya Kwanza, nayo hujulikana kwa jina la Mark I, 1913. Jeshi la nchi kavu lilibaki na rivolva zake kwa sehemu kubwa. Mabaharia ndio waliojaribu jambo jipya.

Kuiona ikifanya kazi si rahisi Uingereza. Baada ya mauaji ya watoto 16 na mwalimu wao huko Dunblane, tarehe 13 Machi 1996, sheria mbili za mwaka 1997 ziliondoa karibu bastola zote mikononi mwa raia, na sina neno juu ya sheria hizo. Zilizoachwa kwa ajili ya historia hutunzwa katika viwanja maalumu, na Bisley, katika jimbo la Surrey, ni mojawapo. Kiangazi kilichopita mzee mmoja mkusanyaji alinikubalia nimtazame akiijaribu ya kwake. Yeye ndiye aliyefyatua. Mimi niliishika ikiwa tupu.

Jambo la kwanza ni uzito, zaidi kidogo ya kilo moja, na wote umekusanyika juu ya kiganja. La pili ni ule mpini. Bastola nyingi tulizozizoea zina mpini ulioinama kidogo nyuma, hivyo mkono ukinyooka mtutu huelekea mbele wenyewe. Hii mpini wake unakaribia pembe mraba. Nilipoinua mkono kwa tabia yake, mtutu ulitazama chini, ikanibidi niukunje upya kifundo cha mkono. Kona ya mlango, hasa.

Risasi zake ni nene, milimita 11.5 hivi, na magazini huchukua saba. Mzee alisimama hatua ishirini kutoka kwenye shabaha. Mlio ulikuwa mzito, teke lake la kusukuma zaidi kuliko la kupiga, na ganda la kwanza likaruka likaanguka karibu na mguu wangu. Risasi tatu za mwanzo zilikaa chini ya katikati, zimekaribiana kama vidole. Kwa kazi ya ufundi sina ila sifa: hakuna kipande kinachocheza, kila kiungo kimekaa mahali pake kama jino. Lakini sifa hiyo ndiyo aibu yake pia. Vyuma vilivyobana hivyo havina subira na vumbi wala masizi ya baruti. Risasi ya tano ilikwama. Mzee hakushangaa, alisema hata mabaharia waliilalamikia. Nami nikawaza harusi ya Malindi, mchanga wa pwani, chumvi ya hewani, na silaha iliyotiwa mafuta ya nazi pengine kwa miaka kumi.

Kisha nikamuuliza lile la nne, kwa haya kidogo. Hakujibu kwa maneno. Aliivuta magazini ikashuka sehemu kidogo, ikanasa katika pengo la pili. Katika hali ile risasi zilizo ndani hazifikiwi na mtambo, na mwenye silaha aweza kutia moja kwa juu, akafyatua, akatia nyingine. Akihitaji zile saba huisukuma magazini juu mara moja. Nilikaa kwenye benchi nikainamisha kichwa. Hakuna sinema inayoonyesha jambo hilo. Huijui hila ile ila umeona mtu akiifanya.

Basi bastola ilikuwapo, na aina yake nimeridhika nayo. Bastola ndogo za Webley za .32, walizopewa polisi wa London tangu 1911, huchukua risasi nane, si saba. Ama zawadi ya ofisa wa Pegasus, hapo nasita. Wanamaji wa Kiingereza hawakuondoka maji yetu mwaka ule. Mwaka 1915 walileta hata ndege kisiwani Mafia kuisaka Königsberg katika delta ya Rufiji, hadi ilipoangamizwa tarehe 11 Julai. Baharia mwenye deni na mwenye mashua mwenye fedha wangeweza kukutana siku yoyote kati ya hizo. Bibi alipokea kauli ya baba yake, na baba ana haki ya kujipamba mbele ya bintiye. Namwamini bibi katika yote aliyoyaona kwa macho yake.

Na aliona mwisho wake. Baada ya usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964, nyumba za Waarabu zikipekuliwa, silaha ndani ya nyumba yetu ilikuwa ni hukumu iliyokwisha kuandikwa. Baba yake alikuwa amekwisha kufa. Bibi aliifunga kwa kanga akaitumbukiza katika kisima cha uani. Ilikuwa imerudi kwenye maji, alikuwa akisema. Halafu miaka kumi baadaye, kupitia Maskati, yeye mwenyewe akaja kukaa mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka ilikotengenezwa, asijue.

Niliporudi kutoka Bisley nilimpigia simu mjomba, Maskati. Mwaka 1964 alikuwa na miaka tisa, na ndiye aliyeshika taa. Nikamweleza yote: mpini, saba, pengo la pili la magazini. Alinyamaza kitambo, kisha akasema kuwa mama yake aliitoa magazini kwanza, akaitupa peke yake. Alisikia miporomoko miwili majini, na wa pili ndio uliokuwa mzito.